Nani Ashike Moto wa Bibi?



Mpendwa kijana mwenzangu, leo naomba tutafakari jambo ambalo ukiliangalia juujuu utasema ni la mafundi, si la watu wa sala. Ni hili: mimi nikiwa Mwanza au Dar es Salaam, simu yangu mkononi, je, ni halali niwe na uwezo wa kuzima na kuwasha moto wa jikoni kwa bibi yangu kijijini? Siulizi kama inawezekana. Inawezekana, na kila mwaka inazidi kuwa rahisi. Nauliza kama ni sawa mbele ya Mungu, na kama ni sawa, ni kwa masharti gani.

Usicheke kwanza. Wengi wetu tunaosoma hapa tuna mzee nyumbani. Tumetoka kijijini kutafuta masomo au kazi, na mzee amebaki. Tunampigia, tunamtumia hela ya dawa, tunamnunulia hiki na kile. Amri ya nne inatudai heshima kwa baba na mama, na Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2199, inaeleza kwamba deni hilo linawafikia pia wazee wa ukoo. Swali langu ni dogo tu: heshima hiyo inakuwaje pale ambapo mzee ameanza kusahau, na sisi tuko mbali, na kifaa cha kumlinda kinauzwa dukani?

Jambo lenyewe

Kwetu ni Kiriba, Musoma Vijijini. Bibi mzaa baba amevuka miaka themanini na anaishi na mdogo wangu wa kike, ambaye yuko kidato cha tatu. Wajukuu tulichangishana tukamnunulia mtungi wa gesi na jiko la plet mbili. Sababu ilikuwa moshi. Macho yalikuwa yanamtoka machozi kutwa, na kifua kila masika kilikuwa kinabana. Hili si la bibi yangu peke yake. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba moshi wa majumbani ulisababisha vifo milioni 3.2 duniani katika mwaka 2020. Hapa kwetu, Mei 2024, Rais Samia Suluhu Hassan alizindua mkakati wa taifa wa nishati safi ya kupikia, lengo likiwa asilimia 80 ya Watanzania waitumie ifikapo 2034. Kwa hiyo gesi kwa bibi ilikuwa habari njema, na yeye mwenyewe aliifurahia. Mafiga yake matatu hakuyaondoa. Maharage na makande bado anasema hayaivi vizuri kwenye gesi, na chai ya asubuhi ndiyo anapikia kule.

Halafu usahaulifu ukaanza. Siku moja aliinjika sufuria, akatoka nje kuanua dagaa, akakutana na mtu wa jumuiya, wakaanza maongezi. Jirani ndiye aliyeona moshi. Sufuria iliungua, ukuta ukaingia weusi, basi. Lakini habari ilipofika kwenye grupu la familia, hakuna aliyelala vizuri usiku ule.

Tuna kaka yetu, mtoto wa baba mkubwa, yuko Calgary, Kanada. Kwake sebuleni kuna meko ya gesi ndani ya ukuta, mbele yake kioo, ya kuota moto wakati wa baridi. Meko za namna hiyo nyingi huwashwa kwa swichi ya ukutani yenye nyaya mbili tu: nyaya zikikutanishwa, vali inafunguka, gesi inapita, na kile kimoto kidogo kinachowaka muda wote kinaidaka. Kaka aliweka kati ya nyaya hizo kiswichi kinachopokea amri kwa waifai. Sasa akiwa bado kwenye basi anabonyeza simu, akifika nyumbani anakuta sebule imepata joto. Alitutumia video, tukaifurahia.

Baba mdogo alipoiona akaandika: "Hiki ndicho tunachohitaji kwa mama." Na kweli vipo vimota vidogo vya kufunga kwenye koki ya gesi, vinavyoizungusha kwa amri ya simu. Bibi akisahau, mmoja wetu anafunga. Tukitaka kuwa na uhakika zaidi, tunaifunga muda wote, na anayetaka kupika anatupigia tumfungulie. Watu wakaweka dole gumba. Michango ikaanza kuorodheshwa.

Mdogo wangu, yule anayeishi naye, akaandika maneno matatu: "Bibi mwenyewe mmemwuliza?" Tiki za bluu zikaonekana. Hakuna aliyejibu hadi jioni.

Anayewasha moto ndiye mwenyeji

Swali la mdogo wangu ndilo lililonifanya nifungue Maandiko. Nikawa natafuta moto. Nilidhani nitakuta moto wa Pentekoste na wa kichaka cha Musa, na kweli ipo. Lakini kuna moto mwingine mdogo mdogo ambao huwa tunaupita.

Upo moto wa mjane wa Sarepta. Nabii Eliya anamkuta langoni anaokota kuni mbili, ili akapike mkate wa mwisho, yeye na mwanawe, kisha wafe (1 Fal 17:10-12). Mwanamke yule hana kitu. Lakini moto bado ni wake, na kwa moto huo anampokea mgeni. Mungu angeweza kumpelekea Eliya mkate kwa kunguru, kama alivyokwisha kufanya. Safari hii aliamua kupitia mikono ya mjane na kuni zake mbili.

Upo moto wa Malta. Mtume Paulo na wenzake wanatoka majini wamelowa, mvua inanyesha, na wenyeji wa kisiwa wanawawashia moto na kuwakaribisha wote (Mdo 28:2). Na upo moto wa pwani ya ziwa la Tiberia, ambapo Bwana Mfufuka amekaa asubuhi na makaa, samaki na mkate, akiwaita wavuvi waje wale (Yn 21:9-12). Sisi watu wa ziwa tunaijua asubuhi ile. Tumeiona kila siku mitumbwi ya dagaa ikirudi na watu wana baridi.

Katika habari zote tatu, anayewasha moto ndiye mwenyeji. Ndiye anayeweza kusema karibu. Ukimchukulia mtu moto wake, hujamchukulia chombo cha kupikia tu. Umemwondoa kwenye kiti cha mwenyeji na kumweka kwenye kiti cha mgeni, ndani ya nyumba yake mwenyewe.

Naomba usiharakishe kunielewa vibaya. Sisemi kwamba kila mzee lazima abaki na kiberiti mpaka siku ya mwisho. Nasema tu kwamba tunapojadili koki ya gesi, tunajadili kitu kikubwa kuliko koki, na ni vizuri tujue tunachokishika kabla hatujakishika.

Hoja ya shangazi

Sasa tumsikilize aliye upande wa pili, maana ana hoja nzito. Shangazi yangu ni muuguzi mstaafu. Ameona watu walioungua. Alituma sauti kwenye grupu, akasema: "Heshima haizimi moto. Mama akiungua pamoja na huyo mtoto, mtawazika na heshima yao?"

Hii hoja usiipite kwa haraka. Gesi ya kupikia ni nzito kuliko hewa. Ikivuja haipandi juu na kutoka dirishani. Inashuka, inatambaa sakafuni, inasubiri cheche. Ndiyo maana huwekewa harufu kali kwa makusudi, ili pua itukumbushe, kwa sababu yenyewe kwa asili haina harufu. Na mzee mara nyingi pua nayo imechoka. Amri ya tano, usiue, haitukatazi tu kumpiga mtu panga. Inatudai pia tusiache hatari tunayoiona na tunayoweza kuizuia. Kijana anayesema "bibi ana uhuru wake" halafu anarudi kulala, huku akijua kwamba bibi anasahau koki, hajamheshimu bibi. Amejipumzisha.

Kwa hiyo shangazi ana haki: uhai kwanza. Lakini angalia vizuri hoja yake inatufikisha wapi. Inatufikisha kwenye wajibu wa kumlinda. Haitufikishi kwenye haki ya kumtawala. Katikati ya hayo mawili pana nafasi, na kazi ya dhamiri ni kutembea katika nafasi hiyo.

Kulinda, kutoa taarifa, kutawala

Nilipochunguza vifaa hivi, niliona vinagawanyika mafungu matatu, na kimaadili havifanani hata kidogo.

Fungu la kwanza ni vifaa vinavyolinda vyenyewe. Majiko mengi mazuri ya gesi yana kijiti kidogo pembeni ya moto, kimetengenezwa kwa metali mbili zilizounganishwa. Moto ukikipasha, kinazalisha umeme kidogo sana, na umeme huo ndio unaoishikilia vali ibaki wazi. Moto ukizimwa na upepo au na uji uliofurika, kijiti kinapoa, umeme unakatika, springi inafunga gesi. Hakuna mtu aliyeamua chochote. Japani walienda mbali zaidi: tangu Oktoba 2008, plet za majiko ya gesi ya nyumbani yanayouzwa kule hutakiwa kuwa na kihisi kinachopima joto la sufuria na kuzima moto likizidi. Kifaa cha namna hii hakimwambii bibi kwamba mjukuu wake amemshinda. Kinamlinda yeye kama kinavyomlinda bibi harusi wa miaka ishirini na mbili. Wote tunasahau.

Fungu la pili ni vifaa vinavyotoa taarifa. Huko huko Japani, mwaka 2001, kampuni ya Zojirushi ilileta birika la umeme lililounganishwa na mtandao. Mzee akichemsha maji ya chai, mtoto wake aliye mbali anapata ujumbe kwamba birika limetumika leo. Lisipotumika, mtoto anajua kuna jambo, anapiga simu au anamwomba jirani akabishe hodi. Birika halimwamuru mzee kitu. Linachofanya ni kumsumbua mtoto, na mtoto kusumbuliwa ni kuzuri. Hata hivyo hapa pana sharti: mzee ajue kwamba birika linasema. Kumchungulia mtu bila yeye kujua, hata kwa upendo, ni kumwibia faragha yake.

Fungu la tatu ni vifaa vinavyompa mtu mwingine amri. Kile kimota cha kuzungusha koki kwa simu kiko hapa. Hapa sasa kuna mtu mmoja ndani ya nyumba anayetaka kupika, na mtu mwingine kilomita nyingi kutoka pale mwenye uwezo wa kukubali au kukataa. Na tofauti na yule kaka wa Calgary, anayeamuru moto wa sebule yake mwenyewe, hapa anayeamuru si mwenye nyumba.

Kuna jambo la kiufundi pia ambalo ni la kimaadili. Kufunga gesi kutoka mbali kwa kawaida ni jambo la usalama. Kufungua gesi kutoka mbali ni jambo lingine kabisa. Unafungua kitu usichokiona. Hujui kama plet iliachwa wazi, hujui kama kuna kitambaa juu ya jiko, hujui kama mtoto wa jirani yuko pale chini anacheza. Hata ile meko ya Calgary, kioo chake kikipata joto kinaweza kumuunguza mtoto aliyekishika, na mwenye kubonyeza yuko kwenye basi. Moto unahitaji jicho. Wazee wetu hawakuwa na vihisi, lakini hawakumwacha mtu awashe moto na kuondoka.

Na tusisahau wenye mita. Katika Tanzania ilianzishwa kampuni ya KopaGas, iliyoweka mita juu ya mtungi ili mtu alipie gesi kidogo kidogo kwa simu, kama tunavyonunua umeme wa Luku. Mwaka 2020 teknolojia hiyo ilinunuliwa na Circle Gas, na huko Kenya huduma ya M-Gas inafanya kazi kwa njia hiyo hiyo: unalipa, vali inafunguka, salio likiisha inafunga. Kwa mtu wa kipato kidogo ni msaada wa kweli, maana aliyekuwa ananunua mkaa wa kopo kwa sababu hana hela ya mtungi mzima sasa anaweza kununua gesi ya leo. Na mtoto aliye mjini anaweza kumlipia mama yake. Lakini hapo hapo kuna mtego kwa moyo wa mtoto: nikilipa mimi, naanza kuuona moto ni wangu. Naanza kuuliza, mbona wiki hii imeisha haraka, mama unampikia nani? Kulipa ni tendo la upendo. Kuhesabu sahani za mama ni kitu kingine.

Kanuni auni jikoni

Mafundisho ya Jamii ya Kanisa yana kitu kinachoitwa kanuni auni. Papa Pius XI aliieleza mwaka 1931 katika waraka wake Quadragesimo Anno. Kwa maneno yangu ya mtaani: jambo ambalo mtu mdogo au kundi dogo linaweza kulifanya lenyewe, mkubwa asilinyakue. Mkubwa anatakiwa kusaidia pale ambapo mdogo hafiki, na kusaidia kwa namna inayomwacha mdogo akiwa bado mtendaji.

Tumezoea kuitumia kanuni hii kwa serikali na vijiji. Lakini ipeleke jikoni uone. Bibi anaweza kuchemsha chai? Achemshe. Anasahau maharage ya saa tatu? Basi maharage apike na mjukuu akiwepo. Jirani wa jumuiya anaweza kupita saa nne asubuhi kumjulia hali? Jirani apite, kabla ya mtu wa Dar kuweka kifaa. Mtu wa Dar aingie pale ambapo bibi, mjukuu na jirani wote hawafiki. Tukianza na mtu wa Dar, tumeigeuza ngazi juu chini.

Mwalimu Nyerere, mtoto wa Butiama, mkoa wetu huu huu, ambaye Kanisa sasa linamwita Mtumishi wa Mungu, aliandika mwaka 1968 katika andiko lake la Uhuru na Maendeleo kwamba watu hawaendelezwi na mtu mwingine. Wanajiendeleza wenyewe, kwa kushiriki katika maamuzi yao. Alikuwa anazungumza na taifa. Lakini bibi wa Kiriba naye ni mmoja wa watu hao. Gesi aliyoletewa bila kuulizwa, na koki iliyofungwa bila kuulizwa, zote mbili zinamfanya kuwa kitu kinachohudumiwa.

Bibi alipoulizwa

Jumapili baada ya Misa, mdogo wangu alimweka bibi kwenye simu ya video, shangazi na baba mdogo wakiwepo, na mimi pia. Baba mdogo alimweleza kwa unyenyekevu kabisa, "Mama, shikamoo. Tuna wazo, tunaomba utusikilize."

Bibi alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza: "Nikiwa na mgeni ameketi hapo, maji yako jikoni, wewe ukazima. Nitamwambia nini mgeni?"

Baba mdogo akasema atampigia kwanza. Bibi akasema: "Na ukiwa kwenye daladala simu imeisha chaji?" Tukacheka wote, naye akacheka.

Halafu akasema jambo ambalo hakuna aliyelitarajia. Alisema yeye mwenyewe anaogopa. Usiku huamka mara mbili kwenda kugusa koki kama imefungwa, na asubuhi hakumbuki kama aliigusa. Hofu yake kubwa si kuungua yeye. Ni kumuunguza mtoto wa watu, yaani mdogo wangu, aliyeachiwa amtunze. Alikuwa hajawahi kutuambia kwa sababu alijua tukisikia tutamnyang'anya gesi na labda kumhamishia mjini, mbali na kaburi la babu.

Basi akaanza kupanga yeye. Jiko linalojizima lenyewe moto ukipotea, alilikubali bila shida, akauliza hata bei. Mtungi ukae nje ya ukuta, mpira upite kwenye tundu, ili usiku koki ifungwe kule nje na mjukuu, kila siku baada ya sala ya jioni. Chai ya asubuhi ni yake. Maharage ni Jumamosi mjukuu akiwepo. Na jirani, mama mmoja wa WAWATA wa jumuiya yake, apewe ruhusa ya kuingia jikoni bila hodi akisikia harufu. Kuhusu kimota cha simu alisema kwa Kijita maneno ambayo mdogo wangu aliyatafsiri hivi: hicho kaeni nacho kwanza, nitawaambia.

Ukiangalia utaona mpango wake ulikuwa salama kuliko wetu. Wetu ulitegemea bando, chaji na mtandao ambao upepo wa ziwa ukivuma wakati mwingine hupotea. Wake ulitegemea watu walio hatua hamsini. Tena siri ya kwamba anaamka usiku kwa hofu, hakuna kihisi ambacho kingetuambia. Ilitoka kwa sababu aliulizwa.

Siku itakapofika

Lakini tuwe wakweli. Siku moja pengine bibi hataweza kupanga tena. Usahaulifu wa uzeeni mara nyingi hauishii kwenye sufuria. Itafika siku atawasha gesi usiku akidhani ni asubuhi ya mwaka 1970 na babu anaenda ziwani. Siku hiyo mtu atalazimika kuifunga ile koki hata kama bibi anakataa. Na litakuwa jambo sahihi.

Neno la Mungu halikuikwepa siku hiyo. Kitabu cha Yoshua bin Sira kinamwambia mwana amsaidie baba yake katika uzee wake, na kinaongeza jambo la kushangaza: hata akili za baba zikimpungukia, amvumilie na asimdharau, yeye aliye bado na nguvu zake zote (YbS 3:12-13). Maana yake, heshima haikutegemea akili kuwa timamu. Ilikuwepo kabla na inabaki baada.

Na kuna ile asubuhi ya Tiberia tuliyoitaja. Baada ya wanafunzi kula, hapo hapo karibu na makaa, Bwana anamwambia Petro kwamba alipokuwa kijana alijifunga mshipi mwenyewe na kwenda alikotaka, lakini akiwa mzee atanyosha mikono, na mwingine atamfunga na kumpeleka asikotaka (Yn 21:18). Injili inasema alikuwa anaonyesha kifo cha Petro. Lakini kila mwenye bibi mzee akisoma anaona pia kitu kingine. Kunyosha mikono na kufungwa na mwingine ni sehemu ya njia, na Bwana mwenyewe ameitaja, na baada ya kuitaja anasema: nifuate.

Kwa hiyo swali halitakuwa kama bibi atafungwa mshipi na mwingine. Swali ni mikono ya nani, na kwa namna gani. Mkono wa mjukuu anayesema "Bibi, leo acha mimi niwashe, wewe niambie chumvi kiasi gani" unafunga koki na unamwacha bibi bado mwenyeji. Programu inayofunga koki kimya kimya, huku bibi akizungusha swichi na kushangaa kwa nini leo hakuna moto, inamfanya adhani ni akili yake imeharibika zaidi kuliko ilivyo. Gesi imefungwa mara mbili zote, lakini mara ya pili tumemwacha mzee peke yake na hofu yake.

Katekisimu, namba 2218, inawakumbusha watoto waliokua wawape wazazi wao wazee msaada wa mali na wa moyo, hasa wakati wa ugonjwa, upweke na dhiki. Angalia neno upweke limo mle. Kifaa kinaweza kuondoa hatari. Upweke hakiwezi kuuondoa, na kikitumika vibaya kinauongeza, kwa sababu kinatupa sisi sababu ya kutokwenda.

Maswali ya kujipima

Ndugu yangu, kama familia yenu iko katika jambo kama hili, chukueni maswali haya kwenye sala kabla ya kwenda dukani.

Hatari ni ya kweli, au ni wasiwasi wetu wa kuwa mbali?

Yeye mwenyewe ameulizwa, kwa lugha yake, na akapewa muda wa kujibu?

Kuna njia ndogo zaidi inayotosha? Kama jiko linalojizima linatosha, kwa nini tushike rimoti?

Nani yuko karibu, na tumemshukuru lini mara ya mwisho?

Tukifanya, tunaweza kurudi nyuma akituomba?

Na la mwisho, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote: kifaa hiki kikishafungwa, nitaenda kumwona mara nyingi zaidi au mara chache zaidi? Kama nauli ya kwenda Kiriba ndiyo tuliyonunulia kifaa, hesabu haijakaa sawa.

Jumapili ya nne ya Julai ni Siku ya Mababu, Mabibi na Wazee Duniani, aliyoianzisha Papa Fransisko mwaka 2021. VIWAWA na TYCS wa parokia mnaweza kufanya kitu rahisi siku hiyo: mkatembelee wazee wa jumuiya zenu, mkague mipira ya gesi kama imechanika, muangalie koki kama zinafunga vizuri, halafu mkae mnywe chai. Chai ile awashe mwenye nyumba.

Tuombe

Bwana Yesu, uliyewasha makaa pwani ukawaita wenye njaa, wabariki wazee wetu waliobaki nyumbani. Uwalinde na moto usiku na mchana. Sisi tulio mbali utupe macho ya kuona hatari yao na masikio ya kusikia neno lao. Utuondolee uvivu unaojificha nyuma ya vifaa, na ukaidi unaokataa msaada wa vifaa. Na siku mikono yao itakapochoka, utufanye tuwe mikono wanayoijua. Mama Maria, uliyetembea milimani kumwendea Elizabeti katika uzee wake, utuombee. Amina.